Aina ya Mti: Kumbukumbu ya Marehemu Baba

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta majina ya miti katika kamusi zetu huyazoea haraka maneno haya matatu: "aina ya mti." Sizilaumu kamusi, kwani kazi yake si kutufunza elimu ya mimea. Hata hivyo, kila nikutanapo na maelezo hayo humkumbuka marehemu baba, ambaye kwake hapakuwa na mti wa kutoshelezwa na maneno matatu. Baba hakuwa msomi. Alikomea darasa la saba, akaajiriwa na Idara ya Misitu kuwa mlinzi, na kwa miaka 27 akaulinda msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Alistaafu kabla idara hiyo haijageuzwa kuwa shirika mwaka 2007, kufuatia Sheria ya Misitu ya mwaka 2005.

Msitu huo una ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420. Msafiri apitaye katika barabara kuu ya Mombasa na Malindi huuona kama ukuta mmoja wa kijani. Baba aliugawa kwa nyayo zake. Penye mchanga mweupe, alitufunza, husimama mirihi, na upepo hupita baina yake bila kubisha hodi. Ukielekea magharibi, udongo hugeuka mwekundu na miti ikajifunga kuwa kichaka kizito. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi, ambaye hupatikana mahali pachache mno duniani. Upande wa mashariki miti huchanganyika, na huko mbambakofi hudondosha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, ambazo dada zangu walizitungia shanga. Siku zake za mapumziko, baba alitupeleka msituni, akatuamuru tuvue viatu na kufumba macho, kisha akatuuliza: "Mko wapi?" Tulipaswa kumjibu kwa miguu.

Mnyama aliyempenda kupita wote ni sange, yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Sange hawa huishi wawili wawili, dume na jike katika eneo lao moja. Hujenga viota kadhaa vya majani makavu ardhini na huhamahama baina ya viota hivyo. Wakishtuka, huyapiga majani kwa mkia na kutoweka. Baba aliweza kukaa saa nzima akimsubiri mmoja atokeze. "Mwoneni huyu," alituambia, "ana nyumba sita na mke mmoja. Binadamu hutaka kinyume." Mama alipoyasikia hayo alicheka, ingawa hakukosa kumkumbusha kwamba sange hulala na mwenzake katika eneo lao, ilhali yeye hulala doria. Hapo mama alikuwa na hoja. Watoto wawili kati yetu tulizaliwa baba akiwa msituni, na kuna sikukuu nyingi ambazo chakula chake kilimngoja chini ya kawa hadi kikapoa.

Penzi la kazi na penzi la jamaa yalikaa pamoja moyoni mwake kwa amani, mpaka usiku yalipogombana. Wakati huo mhugu ulikuwa ukiwindwa kama pembe za ndovu. Ni mti unaokua polepole mno, wenye ubao mzito usioliwa upesi na mchwa, na wachongaji vinyago waliuthamini sana. Baba na wenzake waliwavamia wakataji wanne gizani. Watatu wakatimua mbio. Wa nne, aliyeangaziwa tochi akiwa ameshika msumeno, alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja.

Wenzake walimwambia baba kwamba hawakuona kitu. Mjomba naye hakusema neno. Alimtazama tu shemeji yake. Baba alimpeleka kituoni. Mahakama ikamtoza mjomba faini ambayo hakuwa na uwezo wa kuilipa, na baba akailipa kwa mshahara wake mwenyewe, akiomba mkopo wa kujazia. Wapo waliomwita msaliti kwa kumkamata, na wapo waliomwita mpumbavu kwa kumkomboa. Alipoulizwa, alijibu: "Msitu umepata haki yake. Shemeji naye amepata yake." Mama hakuridhika na jibu hilo. Kwa majuma mengi alimpakulia, akafunika, akaenda zake bila kumkaribisha. Baba alikula, akashukuru, hakujitetea.

Ambacho wengi hawakukiona ni yaliyofuata. Nyuma ya nyumba yetu baba alikuwa amepanda mivinje, mti ambao baada ya miaka michache hutoa nguzo za kujengea. Karo yetu ilitokana na nguzo hizo. Mwaka ule alikwenda kwa mjomba na miche begani, wakachimba mashimo pamoja siku tatu mfululizo. Inasemekana siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya tatu mama alipeleka uji, akawakuta wakibishana kuhusu umbali wa shimo hadi shimo, akajua kwamba udugu umerudi. Mjomba angali mchongaji hadi leo, ila huchonga mwarubaini, mti ambao wachongaji wengi wa Pwani wameugeukia.

Ugonjwa ulipomlaza baba, tulikaa naye kwa zamu. Zamu yangu niliitumia kwa daftari. Alitaja jina la mti, nami nikaandika: udongo wake, msimu wa maua yake, ndege anayeutembelea, maradhi unayoyatibu, na jambo ambalo watu hawapaswi kuufanyia. Sauti ilipokuwa ikimwishia, alinionyesha kwa vidole umbo la jani. Tulipofika kwenye mhugu alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Andika hivi. Mhugu ni mti unaochelewa. Aukataye leo humkatia mjukuu wake." Hiyo ndiyo fasili bora zaidi niliyopata kuandika, nami sikuitunga.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa kwa misitu ile mitakatifu ya Pwani. Lakini orodha huhifadhi ardhi. Maneno hubaki vinywani mwa wazee, na wazee hawachelewi kama mhugu. Sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha hupenda kulalamika kwamba Kiswahili kimepungukiwa na istilahi za sayansi, tukazisaka katika lugha za mbali. Istilahi nyingine zimeketi barazani zikiota jua, zina magoti mabovu, na zinangoja mtoto wa mtu aje na kalamu.

Baba hakutuachia shamba kubwa wala akiba benki. Mivinje tumeigawana, na daftari ninalo mimi. Kila likizo ninapokwenda nyumbani, mama huniomba nimsomee ukurasa mmoja, naye hunisahihisha pale ambapo baba, kwa kuipenda mno miti yake, aliongeza chumvi.