Ufunguo na Vazi Lake

Ufunguo wa kompyuta si chuma. Ni namba tu, ndefu kupita kiasi. Namba hizo zikitoka katika programu sharti zivikwe vazi, na mwandishi wa programu ndiye apaswaye kulitaja. Katika maktaba ya programu iitwayo OpenSSL, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, kuna kisimbaji kinachotajiwa mambo mawili: umbo la nje, kama vile DER au PEM, na muundo wa ndani. DER ni baiti tupu, jicho la binadamu haliambulii kitu. PEM, iliyotokana na jitihada za kulinda barua za kompyuta, huzigeuza baiti zile zile kuwa herufi za kawaida, 64 kila mstari, na juu yake huweka kichwa: huu ni ufunguo wa umma, au huu ni wa siri.

Mimi niliyesahihisha madaftari miaka mingi napenda PEM kwa ajili ya kichwa hicho. Daftari lisilo na jina utampa nani alama? (Kweli, DER ni fupi zaidi, PEM hufanya baiti 3 kuwa herufi 4.)

Linalonitia hofu ni jingine. Mwandishi asipotaja pia njia ya kuufumba ufunguo wa siri, maktaba haigombi wala haiulizi, huutoa uchi. Kazi huendelea vizuri, na yeyote atakayeinakili faili hiyo ataweza kutia saini kwa jina la mwenyewe. Ule uliofumbwa hutambulika kwa neno moja tu lililoongezwa katika mstari wa kwanza.