Pembeni mwa Picha

Jicho la mwanadamu huona kile linachokitafuta. Kamera haina upendeleo huo. Niliyatambua haya mwaka 2019, nilipokwenda kumwona mama katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Nilikuwa nimeazima kamera ya filamu ya picha pana, ambayo lenzi yake huzunguka na kuenea nyuzi 120. Kwa upana huo, filamu ya picha 36 hutoa 22 tu. Nikasimama kilimani, nikalielekea Ziwa Nakivale, nikapiga.

Mama hakupenda kupigwa picha. Alikuwa akisema, “Niliyoyaacha Kongo yanatosha; uso wangu nisiuache kwenye karatasi.” Nami nilimheshimu.

Picha ziliposafishwa, nilizipokea Mbarara. Ziwa, nililolikusudia, lilikuwa limefifia katika ukungu. Lakini ukingoni, upande wa kushoto, alisimama mama na dumu la maji mkononi. Hakulitazama ziwa; aliitazama njia ya Mbarara, ambayo ningeondokea kesho yake.

Rafiki mmoja alinishauri niukate ukingo huo ili picha ipate mizani. Nilikataa, kwani mizani ilikuwa pale pale: maji mapana upande mmoja, mtu mmoja upande wa pili.

Nilimpelekea mama. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Basi, iweke.”

Alifariki mwaka 2021. Hiyo ndiyo picha yake pekee. Ewe mpiga picha, tembeza macho pembeni kabla ya kupiga. Na ikisha kusafishwa, usiharakishe mkasi.