Picha ya Zari

Maharusi wa Mfunguo Mosi mnasubiri nguo zenu. Zinashonwa, msiwe na wasiwasi. Leo hatusemi shela wala lesi, tunataka kumsema Zari.

Waliowahi kuja dukani kwetu Mlandege wanamjua. Paka wa rangi ya asali, mistari yake kama uzi wa zari, sikio la kushoto limechanika. Kiti hakitaki, mkeka hautaki. Mahali pake ni kapu la vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Alikuja mwaka tuliofungua duka, tukiwa na cherehani moja ya kukanyaga na deni la kodi. Deni likesha, mashine zikaongezeka, naye yumo. Miaka 9. Mwezi wa Rajabu tulifungua duka asubuhi tukamkuta kapuni, amekwishakuwa baridi.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, na tumezoea kusema "sisi" kwa kila kitu. Kwa hili hatukuwa kitu kimoja.

Mkubwa alitaka picha ya kuchorwa. Akaenda Mji Mkongwe kwa kijana anayechora Tingatinga, zile picha za rangi za kung'aa za twiga na ndege wanazozipenda wageni. Akamwonesha Zari kwenye simu, wakapatana shilingi 90,000, akaacha arubuni 40,000. Sisi tuliozoea kupokea arubuni tukaonja kuitoa, na kila siku kupiga simu kuuliza, "Bado?" Tumewaelewa, jamani. Mtusamehe.

Mdogo alipoambiwa, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Dada, picha yenye roho utaitundika wapi? Hapa watu wanaswali." Ni kweli. Mchana mkeka hutandikwa pale pale nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha sote tuliisoma chuoni. Mkubwa akajibu kwamba paka si najisi, Mtume (s.a.w.) amesema ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mdogo akamwambia hiyo ni hukumu ya paka, siyo ya picha yake. Siku mbili tulikata vitambaa kwenye meza moja bila ya kusemezana, ila "nipe mkasi".

Ikabidi tuulize. Ustadha wetu wa darsa alitukumbusha pazia la Bibi Aisha (r.a.), lililokuwa na picha, likakatwa likafanywa mito. Kwa mafundi kama sisi, hilo liliingia. Akatwambia pia kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwambia mchoraji: kama huna budi, chora miti na visivyo na roho. Na wanavyuoni wengi wanaona picha ikiondolewa kichwa huwa haina tena hukumu ile.

Tukaenda wote wawili kwa mchoraji, tumechelewa. Zari alikwishamalizwa. Macho yale yale, sikio lile lile, anakutazama kama anayetaka dagaa. Mkubwa alilia pale pale barazani. Mdogo naye, aliyekwenda kuizuia picha, akawa hana la kusema, akaomba maji.

Kijana akasema tukiiacha haina hasara, mgeni ataichukua. Hapo ndipo tulipokuwa kitu kimoja tena: Zari hauzwi!

Mdogo ndiye aliyekumbuka. Zari alikuwa akilala kichwa amekizamisha ndani ya vipande vya lesi, nje unaona mgongo na mkia tu. Kijana akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, na mbele ya macho yetu akamfunika. Sikio kwanza, kisha jicho moja, kisha la pili. Nukta kwa nukta, mpaka ikawa lesi. Mkubwa aligeuka akatazama barabarani.

Sasa imetundikwa juu ya mashine ya ovaloki, mbali na upande wa kibla. Kapu, lesi, mgongo wa rangi ya asali. Mabibi harusi huuliza, "Mbona hana uso?" na tunawasimulia huku tunawapima.

Ile picha ya simuni ingalipo kwenye simu ya mkubwa. Mdogo anajua, wala hajawahi kumwambia aifute. Juzi alimwomba amrushie.