Sauti ya Pili: Nyimbo za Kanisa katika Matanga ya Jericho

Katika tasnifu yake ya uzamili, iliyokamilika mwaka 2001, mwanamke mmoja aliyelelewa katika mtaa wa Jericho, Nairobi, alidai kwamba nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa kwa Kiswahili ni ushairi usio na kwao. Hoja yake ilikuwa ya kiarudhi kabla ya kuwa ya kiitikadi. Kiswahili, alisema, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, ilhali tuni zilizotungiwa mashairi ya Kiingereza aghalabu huufunga mstari kwa noti nzito; basi neno kama "moyo" au "Bwana" likiwekwa mwishoni, uzito wa tuni huiangukia silabi nyepesi, na mwimbaji hulitamka neno lake mwenyewe kama mgeni. Mizani ilihesabiwa kwa uangalifu, kwa kuwa tuni haisamehe, lakini vina viliachwa viende vitakako. Mtu aliyelelewa kwa kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 angezikataa beti hizo. Na mwanamabadiliko, ambaye huzikataa kanuni hizo kwa hiari, asingeuona humo uhuru wowote wa kusifiwa. Tasnifu ilimaliza kwa kumwita shahidi Lawino wa Okot p'Bitek, ambaye tangu 1966 amekuwa akiwacheka wanaokaririshwa maneno ya dini wasiyoyaelewa.

Hoja hizo bado zinasimama. Jambo hili lisemwe mapema, ili yafuatayo yasidhaniwe kuwa ni toba. Ila tasnifu hiyo, yenye kurasa mia moja na zaidi kuhusu nyimbo za mazishi, haikutaja hata mara moja matanga ya baba yake mwandishi, yaliyofanyika miaka mitano kabla ya hapo, mbele ya nyumba ya vyumba viwili alimozaliwa.

Mitaa ya Eastlands imebeba majina ya Biblia na ya wafu kwa pamoja. Jericho na Jerusalem zimekaribiana, kinyume cha jiografia ya Maandiko. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zinamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, na Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, aliyeuawa 1952, mtu wa ukoo uleule uliotupa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Mtu anayepanda basi la Jogoo Road na kumwambia utingo mahali anaposhukia huwa anataja marehemu bila kujua. Ni mitaa iliyojengewa wafanyakazi waliotazamiwa kurudi kwao, na hadi leo wengi wao hurudi, wakiwa ndani ya jeneza. Kwa hiyo msiba wa Jericho una sehemu mbili: siku kadhaa za matanga mjini, zenye kazi ya kukusanya fedha, kisha safari ya usiku kwenda kuzika. Nyimbo za sehemu ya kwanza huwa za Kiswahili. Za sehemu ya pili, kwa familia hii ya Vihiga, ni za Kilogooli. Mpaka uko mahali fulani barabarani, na kwa baba yake ulikuwa kaskazini ya Nakuru, pale majirani walioamua kusindikiza walipoanza kusinzia na shangazi zake wakashika usukani wa uimbaji.

Mwaka huo wa 1996 hema zilikuwa nyingi. Ilitokea wiki ambapo hema lililokodiwa liling'olewa mlango mmoja asubuhi na kusimikwa mlango wa tatu jioni. Serikali ilikuja kuutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999 tu. Kabla ya hapo kila mweka hazina wa kamati ya mazishi alikuwa na msamiati wake mfupi: homa ya mapafu, kifua, malaria iliyopanda kichwani. Katika daftari la mchango wa baba yake iliandikwa "homa ya mapafu", na mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejua asichokiandika.

Hapo ndipo uimbaji wenyewe unapostahili kuangaliwa kwa makini. Jirani wa Murang'a alikuwa Mpresbiteri na wa Kitui alikuwa wa African Inland Church. Mlango wa nne walikuwa Waadventista, na wafiwa wenyewe walikuwa Marafiki, yaani Wakweka, ambao wenzao wa Uingereza wanasifika kwa ibada ya kimya, lakini ambao huko Kaimosi, tangu misheni ilipoanzishwa mwaka 1902, hawakuwahi kuona sababu ya kunyamaza. Kila kanisa lina kitabu chake: Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Injili, Nyimbo za Kristo. Wimbo ambao kwa huyu ni wa 30 kwa yule ni wa 112, na maneno ya ubeti wa pili hayafanani. Kutaja nambari, kama ifanyikavyo kanisani, hakuwezekani. Mtu huanza tu. Mama wa Murang'a, ambaye sauti yake ilikuwa kavu kama ya mchuuzi wa mchana kutwa, alianza bila kusimama, kikombe cha chai mkononi, na kabla mstari haujaisha wengine walikuwa wameupokea. Palipotofautiana maneno, yalitamkwa yote mawili kwa pamoja, na pakatokea neno la tatu ambalo halimo katika kitabu chochote.

Hapo arudhi ya tasnifu ilikuwa imekwisha kusahihishwa, lakini mwanafunzi huyo wa mwaka wa pili, aliyekuwa akigawa mandazi, hakuliona. Silabi iliyoonewa na tuni ilikuwa imepata haki yake. Waimbaji waliupunguza mwendo mpaka noti nzito ya mwisho ikapoteza uzito. Wakairefusha silabi ya pili kutoka mwisho kwa noti mbili tatu zisizoandikwa. Na aliyeanzisha akatupa maneno ya mstari ujao katika pengo lililobaki, mfano wa mtambaji na kiitikio chake. Uimbaji huo ni wa zamani kuliko kitabu cha nyimbo. Uhakiki uliosoma kitabu peke yake ulisoma kielelezo kilichokwisha kuachwa na mafundi. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi hili si jambo geni. Ajabu ni kwamba hoja ambayo huitumia kwa ngano na majigambo bila kusita, huwa hawaitumii kwa wimbo wa kanisa, kana kwamba wimbo huo ukishaletwa na mzungu hauwezi kuingia mdomoni.

Historia ya mitaa hii ingetosha kuwakumbusha. Wapiganaji wa Mau Mau na wafuasi wao walitunga nyimbo kwa tuni za nyimbo za kanisa, wakabadili maneno. Louis Leakey aliliona hilo na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuwa hila ya kueneza itikadi, mwaka uleule ambao Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili, iliwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi na kuwapeleka vizuizini. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walizirudia tuni hizo kwa dhihaka katika Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Ikiwa tuni iliweza kuwa chombo cha uasi na cha kejeli, basi haikuwa mali ya misheni kiasi hicho, na kuishutumu kwa asili yake ni kuikosea mara mbili.

Shutuma ya pili ya tasnifu iligusa taswira. Nyimbo za kufariji, ilisema, zimejaa bahari, dhoruba, bandari na mwamba. Ziliandikwa na watu wa visiwa na kutafsiriwa kwa watu wa Pwani, kisha zikaimbwa Jericho na watu ambao wengi wao hawajaiona Mombasa. Zaidi ya hayo, hazimtaji marehemu, hazitaji ugonjwa, hazimhoji yeyote. Zililinganishwa na maombolezo ya kimila ya Wamaragoli na Waluo, ambamo mwombolezaji humwita maiti kwa jina la sifa, humgombeza kwa kuondoka, huwatuhumu hata walio hai. Ulinganisho huo ulikuwa wa haki na matokeo yake yalikuwa dhahiri: wimbo wa kanisa ulionekana umepauka.

Ila mwaka 1996 maombolezo yenye kutaja sababu yangeuvunja mlango huo. Jamaa za baba walikuwa na tuhuma zao, na jamaa za mama zao. Mwamba na bandari havikumshtaki mtu. Mjane angeweza kuuimba wimbo wote mbele ya shemeji zake bila kulazimika kusema lolote kuhusu miezi minane iliyopita, nao wangeweza kumwitikia. Kupauka huko, ambako tasnifu ilikuhesabu kuwa upungufu wa kisanaa, kuliacha nafasi ya kuketi kwa watu ambao wasingeketi pamoja kwa masharti mengine. Haidhuru kama ni upungufu; upungufu ule ulikuwa na kazi.

Wahubiri wa matanga hupenda kuusimulia mkasa wa Horatio Spafford, wakili wa Chicago aliyepoteza mabinti wanne wakati meli Ville du Havre ilipozama Atlantiki mwezi wa Novemba 1873, naye akatunga maneno ya utulivu ambayo Philip Bliss aliyatilia muziki. Mkasa huu umesimuliwa Eastlands mpaka umepukutika. Jina la meli lilikwenda kwanza, kisha mwaka, kisha Chicago. Kilichobaki ni mzazi mmoja na watoto wanne, na katika miaka ile hema halikukosa mtu aliyekwisha kuzika wawili na kumuuguza wa tatu. Si lazima kuwasifu wahubiri hao; baadhi yao waliugeuza mkasa kuwa karipio kwa wanaolia. Waliolia waliendelea kulia, na wimbo ulipofika waliuimba vilevile.

Mama yake alifariki mwezi wa Mei 2020, kwa ugonjwa wa sukari. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kafyu ilianza saa moja jioni, Nairobi ilikuwa imezuiwa watu kutoka na kuingia tangu tarehe 6 Aprili, na mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15. Hema halikusimikwa. Mama wa Murang'a, sasa mzee wa mkongojo, alisimama kizingitini mwake, barakoa imeshuka kidevuni, akasema kutoka huko huko: "Pole, mwanangu. Mama yako ametudai wimbo." Kisha akaingia ndani, kwani saa ilikuwa imewadia.

Ndugu waliokuwa Kisumu na Mombasa walijaribu kuimba kwa simu. Jaribio hilo halikuwa na maana yoyote. Kila sauti ilifika ikiwa imechelewa, wa Kisumu akimaliza mstari ambao wa Mombasa alikuwa bado anauanza, na kila mmoja alipomsubiri mwenzake wote wakanyamaza. Mtu mmoja akapendekeza maneno yasomwe tu. Yakasomwa. Yakasikika jinsi tasnifu ilivyoyaeleza: mizani imehesabiwa, vina hakuna, mwamba, dhoruba, bandari.

Usiku huo, baada ya simu kukatwa, alikitoa kitabu cha mama yake kwenye sanduku na kujaribu kuimba peke yake. Aligundua kwamba hakuujua wimbo. Maneno aliyajua yote. Alichokosa ni tuni. Kilichotoka kinywani kilikuwa noti tatu au nne zinazozunguka mahali pamoja, zisizopanda wala kushuka, kitu ambacho mpita njia asingekitambua kuwa wimbo. Tangu utoto alikuwa ameketi upande wa kushoto wa mama yake, na mama yake aliimba sauti ya pili. Ndiyo pekee aliyoirithi. Kwa miaka yote hiyo sauti ya kwanza ilikuwa ya watu wengine: ya mama wa Murang'a, ya Waadventista wa mlango wa nne, ya hema zima. Alikuwa ameandika tasnifu juu ya nyimbo ambazo, kwa uhakika wa koo, alizimiliki nusu, na hiyo nusu ni ile ambayo haiwezi kusimama bila nyingine.

Kibali cha kusafirisha maiti kilipatikana siku ya tatu. Alikaa mbele, kando ya dereva. Kaka zake wawili walifuata kwa gari jingine. Dereva alikuwa mtu wa Kitui, mpole, aliyekuwa amefanya safari ya namna hiyo mara nyingi katika miezi miwili kuliko alivyopenda kusema. Aliuliza kama marehemu alikuwa mtu wa kanisa. Walipopita Nakuru, barabara ikiwa tupu isivyo kawaida, alianza kuimba nyuma ya barakoa, kwa sauti ya mtu anayejizuia asisinzie. Ilikuwa sauti ya kwanza. Yeye akaingia chini yake bila kufikiri, mahali pa mama yake.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia, ingawa maneno yalitofautiana, dereva akisema lake na yeye lake. Wa tatu dereva alikuwa ameusahau. Alimtazama mwenzake, naye aliweza kumtajia maneno, lakini si kuuanzisha. Wakarudia wa kwanza, na waliendelea kuurudia mpaka baridi ya Timboroa ilipoanza kuingia dirishani.