Mshipa wa Fahamu: Binti wa Port Victoria na Sayansi ya Ubongo

Kiswahili kina neno moja, mshipa, ambalo limebebeshwa mizigo mingi. Damu hupita katika mshipa. Mwanamume anayeugua ngiri husemwa kuwa ana mshipa. Nao ujumbe utokao kidoleni kilichoguswa na moto hadi ubongoni hupita katika mshipa wa fahamu. Mwanafunzi wa lugha huufurahia upana huo wa maana, akauandikia makala. Mwanafunzi wa sayansi ya ubongo, kwa upande wake, hufika mahali akauogopa, kwani mzazi akiambiwa kwamba mshipa wa mtoto wake umeathirika, swali lake la kwanza litakuwa: mshipa upi?

Swali la aina hiyo lilimkabili binti mmoja mzaliwa wa Port Victoria, mji mdogo wa wavuvi ulioko Bunyala katika Kaunti ya Busia, karibu na mahali Mto Nzoia unapomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Baba yake ni mvuvi wa omena na mama yake ni mchuuzi wa samaki. Alipohitimu shahada ya kwanza ya biolojia, jamaa zake walitarajia kwamba angefundisha katika shule ya upili ya karibu, au angalau angetafuta kazi Kisumu. Yeye akatangaza kwamba alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya neva nchini Uingereza. Habari hiyo haikushangiliwa sana. Neva ni nini? Na ni nani aliyewahi kula kwa neva?

Sababu ya uamuzi wake ilikuwa nyumbani mwao, ikikaa naye meza moja. Mdogo wake alipokuwa na umri wa miaka minne alishikwa na homa kali, kisha degedege, kisha akapoteza fahamu kwa siku mbili. Alipozinduka, wazazi walimshukuru Mungu na majirani wakaja kupongeza. Miaka ilipopita ndipo ilipodhihirika kwamba mtoto aliyerejea hakuwa amerejea mzima. Akitumwa dukani kununua chumvi, kiberiti na sabuni, huleta chumvi peke yake na kusimama mlangoni akitabasamu kwa aibu. Darasani alirudia mara tatu, hatimaye akaacha. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay mwezi Septemba 2019, yeye alikuwa amekwisha kuupita umri wa kuchanjwa.

Kisa hicho si cha nyumba moja. Vimelea vya malaria viitwavyo Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata katika kuta za mishipa midogo, ikiwemo ile ya ubongo. Damu huzuilika, na ubongo huweza kuvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mwaka 2015, Terrie Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Blantyre, Malawi, kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaonyesha kwamba uvimbe huo ndio unaoambatana na vifo vya watoto wengi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, watafiti waliowafuatilia watoto walionusurika katika hospitali ya Mulago, Kampala, waligundua kwamba miaka miwili baada ya kuugua, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kukumbuka, wa kumakinika au wa kujifunza. Kwa karne nyingi mtoto wa namna hiyo ameitwa mvivu, mtukutu au mwenye pepo. Fimbo zilizomwangukia hazina idadi.

Lugha nayo ina shahada yake katika jambo hili. Neno degedege hukumbusha imani, iliyoenea pwani na bara la Tanzania, kwamba dege, yaani ndege mkubwa wa kipepo, humpitia mtoto na kumtikisa. Si haki kuicheka imani hiyo. Waliolitunga jina waliutazama ugonjwa kwa makini: waliona kwamba huja ghafla, hutikisa mwili kama mbawa na huondoka na kitu. Walichokosa ni darubini wala si akili. Hata hivyo jina lina gharama yake, maadamu mzazi anayeamini kwamba mwanawe amepitiwa na ndege huanza kwa mganga, ilhali katika malaria ya ubongo saa chache hutenganisha uhai na kifo.

Kwa kuwa ufadhili haukutosha nauli na matumizi ya mwanzo, iliitishwa harambee. Hapo ndipo lugha ilipogeuka kuwa suala la shilingi. Binti alisimama akaeleza masomo yake kwa istilahi alizozikariri, na umati ukamtazama kama unaosubiri mkalimani. Mzee mmoja akainua mkono.

"Binti yangu, ukirudi utatutibu?"

"La, baba. Mimi sitakuwa daktari wa kutibu. Nitachunguza."

Manung'uniko yakasikika. Nani atoe fedha za chumvi yake kwa ajili ya kuchunguza? Binti akaangaza macho, akauona wavu wa omena ulioanikwa uani, akauendea. Akaeleza kwamba ubongo ni kama wavu. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake, na kila seli imefungamana na nyingine nyingi. Hakuna fundo moja linalovua samaki. Wavu mzima ndio uvuao. Wavu ukichanika upande mmoja bado huelea, na aliye ufuoni hudhani ni mzima, lakini samaki hupita. "Mdogo wangu ni wavu uliochanika," akasema. "Mimi ninakwenda kujifunza unachanikia wapi, na kama waweza kushonwa ungali mpya." Mzee akakaa. Wavuvi wanajua thamani ya mtu anayetambua mahali wavu ulipochanika. Michango haikuwa mikubwa, ila ilitosha.

Huenda msomaji akadhani kwamba sayansi hii ni ya ng'ambo pekee, na kwamba kwetu huja ikiwa imepakiwa katika masanduku. Binti mwenyewe alidhani hivyo hadi aliposoma zaidi. Chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kiliasisiwa mwaka 1993. Mwaka 2011, huko Ishaka, magharibi mwa Uganda, vijana wa Kiafrika walifundishwa kuchunguza neva kwa kutumia nzi wa matunda, mdudu asiyegharimu kitu, ambaye hula ndizi iliyoiva na kuzaana ndani ya chupa. Na kwenye ufuo wa ziwa hilihili, huko Mbita, kipo kituo cha icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mbu humtambua binadamu kwa neva za kunusa zilizomo katika vipapasio vyake. Watafiti waliitumia elimu hiyo katika Kisiwa cha Rusinga kati ya 2012 na 2015, wakatega mitego yenye harufu mithili ya ile ya mwili wa mtu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa takriban asilimia 69, na maambukizi ya malaria yakawa pungufu kwa takriban asilimia 30. Kumbe neva ya mbu na neva ya mtoto ni kurasa mbili za kitabu kimoja.

Utafiti wa binti ulihitaji kupima kumbukumbu za watoto walionusurika. Hapo akagundua kwamba vipimo vya kizungu havisafiri vyema: mtoto asiyewahi kuona theluji hawezi kuhukumiwa kwa picha ya theluji. Alinufaika na kazi iliyofanyika Kilifi, ambako wataalamu, akiwemo Amina Abubakar, walibuni vipimo vya maendeleo ya mtoto kwa vifaa na mazingira ya hapohapo. Lakini mtihani mkubwa zaidi ulikuwa ni fomu ya ridhaa, ambayo mzazi hana budi kuielewa kabla ya kuitia sahihi. Istilahi iliyopendekezwa ilikuwa "utambuzi wa mtoto". Mama yake, aliyesomewa rasimu kwa simu, alishtuka: kwake yeye utambuzi ni ule wa maiti mochari. Akajaribu "akili". Likakataliwa pia, kwani kusema kwamba akili ya mtoto imepungua ni kumtukana yeye pamoja na ukoo wake. Mwishowe aliandika kwa urefu: jinsi mtoto anavyokumbuka, anavyosikiliza na anavyofuata anachoagizwa. Istilahi moja ikawa maneno saba, na kila neno likaeleweka.

Sentensi iliyomkawiza zaidi, hata hivyo, haikuwa na istilahi hata moja. Maadili ya utafiti yalimtaka aandike: "Utafiti huu hautamtibu mtoto wako." Aliipamba, akaizungusha, akaitanguliza na matumaini, kila mara akaona kwamba ameficha ukweli. Usiku mmoja alimsomea mama yake kama ilivyo. Kimya kikapita.

"Kwa hiyo huyu wetu hatapona."

"Sijui njia ya kumponya, mama. Labda watakaozaliwa."

"Basi iandike hivyohivyo, mwanangu. Usiwadanganye wenzangu."

Fomu ilichapwa jinsi mama alivyosema.