Nguzo za Mubanga

Nyumba ya nkambo wangu, nje ya Kipushi kwenye njia ya kuelekea mpaka wa Zambia, haikuwa na msumari hata mmoja. Nguzo zake za pembeni zilikuwa za mubanga, mti mgumu ambao mchwa huuonja na kuuacha. Kati ya nguzo hizo zilipangwa fito za mutondo na musamba, zikafungwa kwa kamba za magome yaliyolowekwa mtoni tangu jana yake, kisha wanawake wakaukanda udongo mwekundu wa kichuguu kwa miguu, wakaubandika ndani na nje, wakaulainisha kwa viganja vyenye maji hata ukuta mzima ukabaki na alama za vidole vyao. Fito zilikatwa katikati ya kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, wakati maji ya mti yamepungua na dumuzi hawauvamii sana. Mvua za kwanza za Novemba zikishuka, nyumba yote ilinuka udongo mbichi, moshi wa zamani na nyasi za paa.

Leo pale pana nyumba ya tofali za saruji. Haivuji.

Nalisema hilo kwa heshima, kwa sababu ile ya zamani ilivuja. Paa la nyasi lilitaka kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, panya walizaliana ndani yake, na cheche moja ya jikoni ilitosha kuiacha familia nje na mablanketi mikononi. Kila mvua zilipoisha, mama na dada zake walirudi kwenye udongo: kuziba nyufa, kupaka upya, kuinua kizingiti kilicholiwa na maji. Sijawahi kumsikia mwanamke wa rika lile akitamani kazi hiyo irudi. Tunaoililia nyumba ya udongo mara nyingi ni sisi tuliolala ndani yake tukiwa watoto, bila kuinua hata beseni moja la tope.

Halafu kulikuwa na kambi ya mgodi. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba Kipushi mwaka 1924, ikaupa mgodi jina la Prince Léopold, na kwa miaka mingi, kwanza chini yake na baadaye chini ya Gécamines, nyumba ya tofali ilikuja pamoja na kazi, posho ya unga, shule na hospitali. Sisi wa pembezoni tulipita kando ya mistari ile ya nyumba jioni, tukaona sakafu zilizopigwa saruji zikang'aa, tukasikia redio kupitia madirisha yenye vioo, tukanusa bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa kukaanga, tukarudi kwetu tukiwa tumeshaamua tutakachojenga tukikua. Aliyekaa kwenye nyumba ya tofali alikuwa mtu wa mji. Wa nyumba ya miti alikuwa mtu wa porini, hata kama nyumba yake ilikuwa ya baridi mchana wa Oktoba na ya joto usiku wa Julai, jambo ambalo zile za kambi hazikuliweza.

Basi kila aliyepata chochote alichoma tofali. Nimelitazama tanuru likijengwa mara nyingi na bado nalikumbuka kwa macho. Kichuguu kilikatwa kwa jembe, vile vichuguu vikubwa vya Katanga ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba, udongo ukamwagiwa maji, ukapigwa kwenye kibao cha mbao, tofali zikaanikwa zikafunikwa majani. Zikikauka zilipangwa kuwa mlima wa mraba wenye mashimo chini, mashimo yakashindiliwa magogo, mlima wote ukapakwa tope, na moto ukawashwa ukakesha. Vijana walikaa na fimbo ndefu wakisukuma magogo ndani. Asubuhi moshi ulikuwa umelala chini bondeni na midomo ya wote ilikuwa imekauka.

Magogo yale yalikuwa miti mizima. Fito zote za nyumba ya nkambo zisingelilisha tanuru lile hadi alfajiri. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya wakati ule, maana pori lilikuwa karibu na lilionekana halina mwisho. Tulikimbilia nyumba isiyo ya miti, na nyumba hiyo ikala miti mingi kuliko ile tuliyoiacha.

Mgodi uliposimama mwaka 1993, waliokuwa wakiishi kwa mshahara walitafuta pa kushika, na wengi walishika shoka. Makala, yaani mkaa, yakawa riziki. Lubumbashi iko kilomita kama 30 tu kutoka kwetu, umeme wake hukatika bila kuaga, na jiko la makala haliulizi mtambo wa Mwadingusha umeamkaje. Baiskeli zilizobeba magunia marefu, wenyewe wakizisukuma kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, zimepita kwenye barabara ile miaka yote hiyo. Kisha ukaja msimu wa mukula, mti mwekundu uliokatwa ukapakiwa kwenye malori ukaenda China, mpaka mwaka 2019 nchi za dunia zilipouweka kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya nje inadhibitiwa.

Sasa ukitaka mubanga wa nguzo unapanda pikipiki. Ukifika unaambiwa uende mbele zaidi. Masuku, matunda ya pori tuliyookota kando ya njia, yanakuja sokoni kwa ndoo kutoka mbali.

Mgodi wenyewe umefufuka. Mwaka 2024 zinki ilianza kutoka tena, safari hii kampuni ya Ivanhoe ikiwa na Gécamines, na Kipushi imeanza kupangisha vyumba kwa wageni. Viwanja vinauzwa. Mtoto wa dada yangu amepata kimoja, kidogo, na kwa kuwa ndiye aliyesoma kuchora majumba, nilimwomba achore nyumba ya miti.

"Mjomba," akaniambia, "watu watasema tumefilisika."

Nilimwambia achore kwanza. Alichora, na ameifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Mita sita kwa tano, vyumba viwili na baraza. Msingi ni wa mawe, umeinuka nusu mita juu ya ardhi, na juu ya mawe kuna ukanda wa bati uliokunjwa kingo chini pande zote mbili, ili mchwa akipanda alazimike kujenga njia yake ya udongo mahali unapoiona na kuivunja. Nguzo ni za mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme. Mbao ni za msonobari wa Zambia: ng'ambo ya mpaka, kwenye Copperbelt, kuna mashamba makubwa ya miti hiyo yaliyoanza kupandwa miaka ya 1960, ambayo sasa yanasimamiwa na kampuni ya ZAFFICO, na anayevuna shamba lililopandwa haligusi pori. Paa la bati limetokezwa karibu mita nzima nje ya ukuta, kwa sababu mbao huuawa na maji ya kurudiarudia, na mvua zetu hazikawii kurudi.

Na kati ya nguzo, ndani ya mbao, ameweka udongo uliochanganywa na majani makavu. Sikumwambia afanye hivyo. Alisema bila udongo chumba kitakuwa baridi mno mwezi wa saba. Ukuta huo hautalowa mvua, kwa hiyo hakuna mama atakayepiga magoti kila mwaka kuupaka upya. Hapo nilifurahi sana, maana hilo nkambo hakuwa nalo.

Kuhusu aibu nilimweleza habari za Zanzibar, kwamba katika mji mpya wa Fumba watu wamenunua nyumba za mbao zilizotengenezwa kiwandani, na kwamba mwaka 2021 ulitangazwa hapo mpango wa jengo la mbao na zege la mita 96, Burj Zanzibar. Akaziangalia picha kwenye simu, akasema wale ni matajiri, na tajiri akijenga kwa mbao anaitwa mbunifu.

Sikuwa na jibu la haraka. Bei tumelinganisha pamoja, na kwa nyumba ndogo kama hii mbao zinashindana vizuri na saruji, hasa ukiondoa zege zito la msingi na siku za mwashi. Mbao pia zinakuruhusu kuongeza chumba mwaka mwingine bila kubomoa. Yote hayo anayakubali. Amekubali mbao kwa pande tatu. Ukuta wa mbele, unaotazama barabara, ameuchora wa tofali za kuchoma, na hapo hatujaelewana bado.