Joto la Ukingoni kwa Watu Wakaao Chini



Sisi wa nyumba hii tunaishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba tuliyoinunua ilikuwa na chumba cha nyuma ambacho upande wake mmoja wote ni vioo, kuanzia sakafuni hadi darini, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4. Chumba hicho ndicho kilichotuvutia kuinunua. Mama yetu mzazi, Bi Mkubwa, alizoea maisha yake yote kukaa barazani akitazama wapitao, nasi tulitaka naye apate baraza ndani ya nyumba. Tukatandika mazulia, tukapanga magodoro na mito ya kuegemea, na hapo ndipo tulipokuwa tukila, tukisali na kuzungumza.

Majira ya baridi yalipoingia, mambo yakabadilika. Kipimo cha ukutani kilionyesha nyuzi 21, na aliyesimama hakulalamika. Lakini Bi Mkubwa alisema, "Wanangu, baridi hii inatambaa chini kama nyoka." Akaanza kupanda chumbani kwake mapema, kisha akawa anakula huko huko peke yake. Jambo hilo lilitutia huzuni kubwa kuliko bili ya gesi. Kiswahili cha watoto wetu hakitoki shuleni wala mtaani, kinatoka mdomoni mwa bibi yao wakiwa wamemzunguka. Bibi akikosa pa kukaa, na lugha nayo inakosa pa kukaa.

Bi Mkubwa alikuwa amesema kweli tupu. Hewa inayogusa kioo baridi hupoa, ikawa nzito, ikaporomoka hadi chini na kutandaa sakafuni. Dirisha likiwa refu, mporomoko huo hupata nguvu zaidi. Mwenye kukaa kitini huusikia vifundoni tu, bali mwenye kukaa mkekani humpiga kiunoni na mgongoni, na mwenye kusujudu humpiga usoni. Tena kioo baridi hunyonya joto la mwili wa aliye karibu nacho, hata kama hewa ya chumba ni ya wastani.

Chumba kilikuwa na radieta moja kwenye ukuta ulioelekeana na vioo, kwa kuwa mbele ya vioo hapakuwa na ukuta wa kuitundika. Radieta ya namna hiyo huuongezea nguvu mzunguko: hewa ya moto hupanda, hupita darini, hufika kwenye vioo ikapoa, kisha hurudi kwa njia ya sakafuni. Kuongeza moto kwa hiyo hakukusaidia.

Fundi mwenye busara alitueleza kwamba dawa ya kwanza ni kioo chenyewe. Vile vya zamani vilikuwa vya tabaka mbili, vya aina ambayo kila mita ya mraba hupitisha wati 2.8 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Nje ikiwa nyuzi 3 chini ya sifuri na ndani 21, tofauti ni nyuzi 24, na vioo vyetu vya mita za mraba 9.6 hupoteza takriban wati 640. Uso wa ndani wa kioo huwa nyuzi 12 tu. Vioo vya kisasa vya wati 1.2 hupoteza wati 280 hivi, na uso wao wa ndani hufika nyuzi 17. Tukavibadilisha. Baridi ikapungua, ila haikwisha, maana nyuzi 17 bado ni chini ya 21.

Ikabaki kuchagua joto la ukingoni, yaani la ule mstari wa sakafu ulio chini ya vioo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kulaza mabomba ya maji moto ndani ya sakafu nzima na kuyasogeza karibu karibu penye vioo, tuseme sentimita 10 baina ya bomba na bomba badala ya 20. Ya pili ni kuchimba mtaro mwembamba sambamba na vioo, wenye kina cha sentimita 10 hadi 20 hivi, ukalazwa ndani yake bomba lenye mapezi ya bati na kufunikwa kwa wavu wa chuma ulio sawa na sakafu. Hewa baridi inayoporomoka huingia mtaroni, hupashwa moto, na kupanda tena mbele ya kioo kabla haijamfikia mtu.

Wazo la kupasha sakafu si geni. Wakorea, ambao nao ni watu wa kukaa chini, wamepitisha moshi wa moto chini ya sakafu zao kwa karne nyingi, na hamamu ya Qusayr Amra, iliyojengwa Jordan zama za Banu Umayya katika karne ya 8, ilikuwa na sakafu ya kupitishia moto chini yake. Nyoyo zetu zilielekea huko.

Hata hivyo mambo mawili yalituzuia. Viwango vya Ulaya huruhusu uso wa sakafu kufika nyuzi 29 mahali watu wanapokaa, na nyuzi 35 katika ukanda wa ukingoni usiozidi mita 1, kwa kukadiria kwamba hapo hakai mtu muda mrefu. Kwetu sisi, hapo ndipo akaapo Bi Mkubwa mchana kutwa! Jambo la pili, mazulia mazito na magodoro huzuia joto la mabomba lisipande. Sehemu pekee ya chumba chetu isiyofunikwa kamwe ni ule mstari mwembamba mbele ya kioo. Kupanga ni kuchagua, nasi tukachagua mtaro.

Hatusemi kwamba kila nyumba ifanye hivyo. Mwenye sakafu ya vigae na mazulia machache atafaidika zaidi na mabomba, hasa akiwa na pampu ya joto, ambayo hufanya kazi vizuri kwa maji ya nyuzi 35 hadi 45. Mtaro usio na feni hutaka maji ya moto zaidi kuliko hayo, na wenye feni huhitaji umeme, tena huwa na sauti wakati wa kusoma. Wavu nao hudondokewa na makombo, shanga na tasbihi, kwa hiyo lazima ufunuke na kusafishwa. Godoro lisiufunike, wala pazia lisiangukie upande wake wa chumbani, maana joto litabaki baina ya pazia na kioo.

Sasa chakula cha jioni huliwa chini, na bibi yuko kati yao. Juzi mjukuu wake mdogo alimrekebisha kaka yake aliyesema "maji zangu", wala hatukumfundisha sisi.

Nasaha yetu ni hii. Fundi atakapokuja kupima, atauliza kochi litawekwa wapi. Mwambieni nyumba hii watu wake hukaa chini, kisha mwonyesheni mahali hasa anapokaa mzee wenu, na apime joto pale, shibiri moja juu ya zulia. Kipimo cha ukutani hupima hewa ya aliyesimama.